Ndoo Mliyoipa Jina Langu

Nimesikia kwamba ile ndoo ya bluu pale kiwandani, ya kutemea mnapoonja bia, mmeipa jina langu. "Lete Simwinga," anasema mmoja, na mwenzake anaisogeza kwa mguu. Aliyenipa habari ni Upendo mwenyewe, mwenye kiwanda, kwa simu, huku akijizuia kucheka kwa kudhani nitakasirika. Sikukasirika. Mtu aliyefanya nililolifanya mimi mbele ya umati ule hana haki ya kuchagua jina lake liwekwe wapi. Ila wengi wenu mmeingia kazini baada yangu, mnacheka kitu mlichosimuliwa, na hata wale waliokuwepo siku ile waliona nusu tu. Nusu ya pili ilitokea kwetu Ndalambo, na hiyo ndiyo inayoniinamisha kichwa. Kwa hiyo kaeni kidogo, vijana wangu, niwaeleze.

Nitaanza na mambo ya kazi, maana hayo nayaandika bila aibu.

Kimea cha ulezi hakina huruma. Shayiri imezoea viwanda, inakusamehe. Ulezi ni punje ndogo mno. Ukichelewa kuugeuza unashikana, unajipasha joto na kunuka soksi. Uloweke usiku kucha, uchuje, utandaze juu ya magunia yenye unyevu na kuufunika. Asubuhi na jioni ingiza mkono mpaka kiganja kizame. Ukikuta joto la paji la uso la mtoto mwenye homa, geuza upesi. Vizizi vikianza kusukana, toa nje uanike juani. Usisubiri jani la kijani. Likichomoza, utamu wote umekwenda kwenye jani na wewe umebaki na makapi.

Hayo nayasema kwa sauti ya mwalimu, lakini kimea changu cha kwanza pale kiwandani Mpemba kililiwa na kuku. Nilikianika kwenye turubai nyuma ya kiwanda, nikaenda getini kupiga soga na mlinzi. Niliporudi, kuku wa jirani walikuwa wameshiba mpaka wanashindwa kuruka seng'enge. Upendo alitoka ofisini, akawatazama kuku, akanitazama mimi. "Mzee, hao ndio wateja wetu wa kwanza," alisema. Hakunipandishia sauti. Ni binti wa Mlowo, mtoto wa wakulima wa kahawa, amelelewa kuheshimu mvi hata zinapokosea.

Kiwanda kidogo kinaishi kwa bia mpya, hilo mnalijua. Viwanda vikubwa vinauza bia ileile mwaka hadi mwaka na watu wanaipenda kwa kuwa haibadiliki. Sisi tusipotoa kitu kipya, madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wanarudia chupa walizozizoea na kutusahau. Ndiyo maana Upendo alitaka kila msimu uwe na bia yake. Ya kwanza ilikuwa ya kahawa ya Mbozi. Mimi kwa ujuaji wangu niliichemsha kahawa pamoja na yale maji matamu ya kimea, ambayo mimi naendelea kuyaita togwa hata mkinicheka. Ikatoka chungu kama dawa ya minyoo. Mama yake Upendo alionja, akasema, "Hii inanifukuzia usingizi na kuniletea usingizi kwa wakati mmoja." Tuliimwaga. Baadaye nikajifunza kuipondaponda kahawa na kuiloweka katika bia iliyokwisha kupoa, mchana mmoja tu, kisha kuichuja. Harufu inabaki, uchungu unabaki kwenye makapi. Mkikumbuka hilo peke yake kutoka kwangu, si haba.

Sasa niwaambie nilikojifunza kutema.

Ujanani nilifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa, mbali na huku. Msimamizi wetu alikuwa mfupi mwenye sauti ya filimbi, na kazi yetu ilikuwa kuonja bia changa tanki baada ya tanki tangu asubuhi. Wapo wanaosema bia haijulikani mpaka imezwe, kwa kuwa uchungu wake unakaa nyuma kabisa, karibu na koo. Msimamizi alilijua hilo kuliko sisi. Lakini alikuwa amechoka kuwabeba watu kuwarudisha kwao mchana kweupe. Basi akaweka sheria: onja, zungusha mdomoni, tema. "Hapa hamkuja kunywa," alikuwa akipiga kelele, "mmekuja kusikiliza!" Nami nilisikiliza. Nilifumba macho, nikazungusha, nikatema kwenye ndoo bila tone kuruka nje, na wenzangu walinisifu kwa hilo. Sifa za kijinga zinamlevya mtu kuliko bia.

Nilitema miaka yote ile mpaka mdomo ukawa unatema wenyewe. Siku moja nyumbani, marehemu mke wangu alinipa chai yenye tangawizi. Nikaizungusha, nikaitema uani. Alisimama na birika mkononi. "Chai yangu ina nini?" Nikamweleza kwamba ni mazoea ya kazini, kwamba chai ni nzuri sana. Akajibu, "Nzuri ndiyo inayotemwa?" Hakunisemesha mpaka kesho yake. Nilicheka nalo siku nyingi, nikawasimulia wenzangu kama kichekesho. Ningekuwa mtu wa kujifunza, ningejifunza pale, kwa chai tu, bila kumuumiza mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo ni shangazi yangu. Kwetu Unamwanga wanaume wa ukoo wetu ni akina Simwinga na wanawake ni akina Namwinga, hivyo shangazi ndiye Namwinga. Mama yangu alipofariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea, na alinilea kwa kimpumu. Kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka na mirija yao, na kila pombe ikipungua kinaongezwa maji ya moto. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye chungu kile. Madaftari yangu pia.

Na kila mara, kabla ya mgeni yeyote kugusa, shangazi alipiga magoti mbele ya chungu, akavuta mrija wa kwanza mwenyewe, akameza, kisha akafungua mdomo ili mzee kuliko wote aone kuwa hakuna kilichobaki. Ndipo akampa mrija. Nilimuuliza kwa nini anafungua mdomo kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Akanijibu, "Watu wanaogopa kuwekewa kitu. Nikimeza mimi kwanza, nimewaambia kwamba likiwapata jambo, limeanza na mimi." Huo ndio upishi wa pombe kwetu. Mambo ya ladha yanafuata baadaye.

Baadaye shangazi aliokoka, akajiunga na kanisa lisiloruhusu hata tone la pombe. Akaacha kupika na kunywa. Vyungu vyake akavigeuza vya kuwekea mbegu za maharage. Miaka ikapita, na kwa watu wa Ndalambo meza ya Bwana na shangazi Namwinga vilikuwa havitenganishwi; aliketi benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, na wanawake wadogo walimpisha njia.

Mimi ndiye niliyeanzisha maneno. Tulikuwa tukiosha matanki, na kama mnavyojua, sehemu kubwa ya kazi hii ni kuosha, kwa hiyo hadithi ni nyingi. Nikamsimulia Upendo habari za shangazi na chungu chake. Akaacha brashi. "Mzee, bia ya ulezi. Ulezi wa Ndalambo. Tuiite Namwinga."

Tulikwenda kumwomba. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akauliza ulezi tutaununua kwa nani. Upendo akamwambia tutaununua kwa akina mama wa hapohapo, msimu hadi msimu, bia ikikubalika. Wengi wao walikwisha kuacha ulezi kwa ajili ya mahindi, kwa kuwa ulezi unachosha mgongo na mnunuzi haonekani.

"Jina langu chukueni," alisema. "Ulimi wangu niachieni. Mimi sinywi."

Akina mama wakaacha sehemu ya mashamba ya mahindi, wakapanda ulezi kwa neno letu.

Siku ya kuizindua bia ile Upendo aliweka viti na maturubai uwanjani mbele ya kiwanda. Walikuja wenye baa wa Tunduma na wa ng'ambo ya pili, Nakonde. Kutoka Ndalambo lilikuja gari limejaa akina mama wa ulezi, mzee Silwimba, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, na shangazi katika kitambaa chake cheupe. Wengine katika wale akina mama waliabudu naye kanisa moja. Walikuja kuona ulezi wao umekuwa nini. Shangazi alipewa kiti cha mbele na soda ya machungwa, na wenzake wa kanisani wakapewa soda pia.

Tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Upendo: watu wa kwetu hawatagusa mpaka mpishi anywe kwanza. Akakubali mara moja, maana hata Wanyiha wenzake wanalijua hilo. Nilipangiwa nafasi yangu, mbele ya wote. Na kando ya meza iliwekwa ile ndoo, kwa sababu baadaye tungewaonyesha wenye baa namna ya kuonja bia moja baada ya nyingine.

Niliitwa, nikamiminiwa. Rangi ilikuwa nzuri, povu limekaa. Nikatazama watu wa nyumbani wamenikodolea macho, wale walioniona nikichunga mbuzi bila viatu, na nikataka wanione nimekuwa mtaalamu. Hapo ndipo penye aibu yangu, vijana. Mdomo ulizoea kutema, ni kweli, lakini mimi nilikuwa nikijionyesha. Niliinua glasi kwenye mwanga. Nikanusa. Nikavuta funda, nikafumba macho, nikazungusha taratibu ili kila mtu aone. Kisha nikainama, nikatema kwenye ndoo. Tone moja halikuruka nje.

Nilipofumbua macho nilitegemea makofi.

Mzee Silwimba alikuwa anaweka glasi yake chini kwenye nyasi. Akajipangusa midomo na kiganja, ingawa hakuwa amenywa. Mama aliye karibu naye akafanya vivyo hivyo, na wa nyuma yake, mpaka nikasikia glasi zikigusa chini safu nzima.

"Mpishi ametema," alisema mzee Silwimba. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayewatafsiria wenzake.

Mama mmoja mwenye baa kutoka Nakonde akashika kiuno. "Awe, bashikulu! Hapana, babu! Mnatuletea ya kuuza, ninyi wenyewe inawashinda kumeza?"

Nikaanza kueleza. Nikasema huo ni utaratibu wa kitaalamu, kwamba viwandani ndivyo tunavyofanya. Kila neno lilizidi kunizamisha. Upendo akaninong'oneza, "Baba, kunywa. Kunywa tu." Nikanyanyua glasi, nikanywa funda kubwa mbele yao. Nani aliniamini? Mtu aliyetema kwanza kisha akanywa baada ya kusukumwa anaonekana amelazimishwa, na hiyo ni mbaya zaidi. Kwa nyuma nikamsikia kijana mmoja akisema, "Mzee kazingua." Akina mama wa ulezi walikuwa wametazama chini. Mashamba yao yalikuwa yamesimama pale pamoja nao, na jina lililokuwa kwenye chupa lilikuwa la mwanamke aliyeketi mbele yangu na soda. Nilikuwa nimemtema shangazi yangu hadharani. Natafuta maneno laini zaidi ya hayo na siyapati.

Shangazi akasimama. Alichukua muda, magoti yake si mazima. Nilidhani anaondoka, na kwa kweli nilitamani aondoke asiendelee kuniona. Akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe bia hiyohiyo uliyoitema."

"Shangazi, wewe hunywi."

"Nipe, Simwinga."

Nilimpa. Nisingempa, nisingekuwa nikiandika haya. Lakini nilimpa, kwa kuwa nilikuwa nimeshikwa na aibu na nilitaka mtu anitoe. Akapiga magoti kwenye nyasi, polepole, kama alivyokuwa akipiga magoti mbele ya chungu. Akanywa. Akameza. Akafungua mdomo, akamgeukia mzee Silwimba mpaka mzee alipotikisa kichwa kukubali. Kisha akampa glasi.

Mzee akanywa. Akina mama wakaokota glasi zao. Yule mama wa Nakonde alikunywa yake yote, akaomba nyingine, na baadaye akaagiza makreti. Makofi yalipigwa, muziki ukawashwa, Upendo alilia kwa furaha begani kwangu. Nanyi mliokuwepo mnakumbuka mwisho huo, na ndiyo sababu mnaweza kucheka. Bia ilikubalika. Inauzwa mpaka leo.

Mimi pia nilicheka siku ile. Nilimrudisha shangazi kwenye gari nikimtania kwamba ulimi wake haujasahau kazi. Aliangalia barabara.

Nilikwenda Ndalambo ulezi wa msimu uliofuata ulipovunwa, kukagua magunia. Ilikuwa Jumapili, nikaona niingie kanisani nimsalimie kwanza. Nikatazama benchi la mbele sikumwona. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapoketi wanaochelewa na wenye watoto wanaolia. Ilipofika meza ya Bwana, wazee wa kanisa walipita benchi kwa benchi, na walipofika lake wakageuza. Alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja juu, vitupu. Nikauliza mama mmoja pembeni. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba bibi ametengwa, alikunywa pombe hadharani huko Mpemba, na kwamba habari zilifika kabla gari halijafika.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mimi, mtu mzima, nilishindwa kuingia tena.

Baada ya ibada nilikwenda kwa wazee wa kanisa, nikawaambia kosa ni langu, wanitenge mimi. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Ndugu, wewe huna meza ya kutengwa nayo." Alisema kweli, na ukweli wake uliniuma kuliko tusi. Lakini wakaniambia shangazi hajafungiwa daima. Asimame mbele ya watu, aseme anajuta kunywa, basi. Jumapili hiyohiyo atarudi.

Nilikimbilia kwake na habari hiyo kama mtu aliyeleta dawa. Nilimkuta uani akichambua mbegu za maharage kutoka kwenye chungu chake cha zamani.

"Shangazi, ni maneno mawili tu. Sema unajuta, urudi mbele."

"Wameniambia."

"Basi kwa nini husemi?"

Aliendelea kuchambua. Yaliyotobolewa upande huu, mazima upande ule.

"Kukaa nyuma kunaniuma," alisema. "Usifikiri hakuniumi. Nikiona mkate unapita, natamani kulia. Na Mungu nimeshaongea naye, yeye na mimi tunajuana. Lakini wale wanataka nisimame mbele ya Ndalambo nzima niseme najuta ile pombe. Ile yenye jina langu, ya ulezi wa akina mama, uliyoipika wewe niliyekulea." Akanitazama. "Nikisema najuta, na mimi nitakuwa nimetema."

Nilirudi Mpemba, nikamkabidhi Upendo aproni. Alidhani ni uzee. Sikumweleza, leo ndiyo anajua, pamoja nanyi.

Sasa nakaa Ndalambo. Jumapili naketi benchi la nyuma pamoja na shangazi, na wazee wakifika kwetu wanageuza. Sijui kama ananisamehe au ananizoea tu, na sina uso wa kumuuliza.

Ndoo iiteni Simwinga, inastahili. Itumieni kwa bia ya kahawa, kwa bia zote mtakazobuni, mteme mpaka mchoke. Ila siku mnayoonja Namwinga, itoeni nje kwanza, mfunge mlango, kisha mmeze.